Bango Lililobaki: Siku Sita Nikifuata Mabango ya Serikali Uingereza

Jumapili, London

Shemeji alinikuta stesheni nimekumbatia bomba la kadibodi lenye urefu wa karibu mita moja. Hata salamu hazijaisha akauliza, "Shem, umetuletea mkeka?"

Si mkeka. Ni bango la Dig for Victory, lile la mguu wenye buti unaokandamiza sepetu ardhini, ambalo Serikali ya Uingereza ililitumia kuwahimiza raia walime bustani zao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nililinunua miezi mitatu iliyopita kwa pauni 140, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika "halisi, la wakati wa vita" kwa herufi kubwa. Mimi kazi yangu ni uchapaji. Nimesimama mbele ya mashine za ofseti kwa zaidi ya miaka ishirini, nanusa wino nikiwa nimefumba macho. Kwa hiyo sikuona haja ya kumwuliza mtu.

Usiku huu tukalitandika juu ya meza ya kulia. Shemeji, kwa nia njema kabisa, akaweka vikombe vya chai kwenye pembe nne ili lisijikunje. Nikaviondoa kimoja kimoja bila kusema neno. Kisha nikamwomba azime taa, nikatoa kile kitochi cha zambarau ambacho wenye maduka hukagulia noti bandia. Kilikuwa cha shemeji mwenyewe, mimi sikuwahi kufikiria kununua.

Karatasi ikawaka. Ikawaka samawati nyeupe, kama kanzu iliyotoka kufuliwa. Karatasi za siku hizi hutiwa dawa ya kung'arisha ili zionekane nyeupe zaidi, na viwanda vilianza kuitumia kwa wingi karibu na miaka ya 1950. Chini ya mwanga wa urujuanimno dawa hiyo huwaka. Karatasi ya mwaka 1941 haina sababu ya kuwaka. Hukaa kimya, imefifia, rangi ya uji.

Nikawasha taa, nikachukua lenzi. Hapa ndipo nilipojidanganya mwanzoni: niliona nukta ndogondogo kwenye picha ya buti nikasema, sawa, ni picha ya kamera, lazima iwe na nukta hata kwenye bango halisi. Ni kweli. Ila sikutazama herufi. Kwenye bango halisi herufi huchapwa kwa wino uliojaa, ukingo wake umekatika safi. Hizi zangu ukingo wake ulikuwa umesagika kuwa nukta, kwa sababu mtu alipiga picha bango zima, maandishi na yote, akalichapa upya. Mchapaji mzima nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Lakini zuri," shemeji akasema. "Mimi ningelitundika."

Jumatatu, Bloomsbury

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa haifunguliwi Jumatatu, kwa hiyo leo nimetembea tu. Nimekwenda Malet Street kulitazama jengo la Senate House la Chuo Kikuu cha London, mnara mweupe wenye ghorofa 19 ambao wakati wa vita ulikuwa makao ya Wizara ya Habari. Hatua chache kutoka hapo ni SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ambako Kiswahili kinafundishwa. Nilipita mlangoni nikasikia wanafunzi wawili wakizozana kuhusu ngeli.

Ndani ya mnara ule ndimo wizara ilimokuwa ikiendesha kampeni za mabango. Kisa ninachokifuata safari hii kilianza kabla vita haijatangazwa. Mwaka 1939 maofisa waliandaa mabango matatu ya maandishi matupu, taji juu, rangi moja nyuma. Moja lilisema Freedom Is in Peril, uhuru uko hatarini. Jingine lilisema, kwa tafsiri yangu, "Ushujaa wenu, uchangamfu wenu, uthabiti wenu vitatuletea ushindi." La tatu lilikuwa Keep Calm and Carry On, tulieni, endeleeni na shughuli zenu.

Yale mawili ya kwanza yalibandikwa kila mahali na watu wakayachukia, hasa la ushujaa. Ukiligeuza kwa Kiswahili kasoro inaonekana papo hapo, kwa kuwa viambishi vyetu havifichi kitu: ushujaa *wenu*, vita*tu*letea. Yaani sisi tuumie, ninyi mshinde? Waingereza nao waliuliza vivyo hivyo.

La tatu lilichapwa nakala karibu milioni 2.45 kati ya tarehe 23 Agosti na 3 Septemba 1939, likawekwa ghalani lisubiri siku mbaya kweli, siku ya mabomu. Halikutolewa rasmi. Mwezi Aprili 1940 nchi ikaanza kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na shehena ile ikasagwa kuwa rojo ya kutengenezea karatasi mpya. Bango ambalo leo liko kwenye vikombe na fulana duniani kote, wale lililoandikiwa karibu wote hawakuliona.

Nimekaa kwenye ngazi za Senate House nikipiga hesabu ambayo mkusanyaji yeyote hana budi kuipiga. Bango la serikali huchapwa ili life. Likifanya kazi yake, linabandikwa kwa gundi ukutani, linanyeshewa, linafunikwa na jingine juu yake. Lililofanikiwa sana ndilo lililoteketea sana. Linalotufikia ni lile lililosahauliwa kabatini, lililobaki kwenye bunda, au lililokataliwa. Kwa hiyo tunachokiita thamani mara nyingi ni uzembe wa karani fulani ambaye hakumaliza kazi yake.

Shemeji amenipigia simu: keshokutwa yuko kazini, ila Alhamisi anachukua likizo, tutakwenda soko la vitu vya kale la Newark na gari lake.

Jumanne, Kew

Siku iliyojaa. Hifadhi ya Nyaraka iko Kew, magharibi mwa London, na kuingia chumba cha kusomea kunataka kadi ya msomaji, ambayo hupati bila kuonyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Begi na koti vinabaki kwenye kabati la chini. Unachoingia nacho kinawekwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha vyote vilivyomo. Kalamu ya wino marufuku, penseli ruksa. Kwa mtu wa wino kama mimi ilikuwa kama kuvuliwa viatu.

Nilipanda ghorofa ya pili, kwenye chumba cha ramani na nyaraka kubwa, nikaagiza kutoka mfululizo unaoitwa INF 3. Hiyo ni michoro ya asili ya Wizara ya Habari, yaani kile kilichotoka mkononi mwa msanii kabla hakijapelekwa kiwandani. Nilitegemea kuona mabango. Nikaona kazi.

Ukiinama vizuri unaona mstari wa penseli ulioongoza herufi, na msanii hakujali kuufuta wote kwa sababu kamera ya kiwandani isingeuona. Unaona rangi nyeupe iliyopakwa juu ya kosa, nene, imepasuka kama udongo wa kiangazi. Herufi zimechorwa kwa brashi, na herufi "O" mbili kwenye neno moja hazilingani. Nilikaa na mchoro mmoja dakika arobaini nikimfuata mtu yule kwa macho: hapa aliinua brashi, hapa aliishiwa rangi akachovya tena. Msimamizi wa chumba alipita mara mbili kuhakikisha sijalala.

Kilichonifaa kwa ununuzi ni hiki. Baada ya kuona herufi ya brashi, unaelewa bango la lithografia la zama zile lilivyotoka: rangi kwa rangi, kila rangi na bamba lake, wino umelala bapa na umeshiba. Mahali rangi mbili zinapokutana kuna ukanda mwembamba ambapo moja imepanda juu ya nyingine. Chapa ya kunakili haina ukanda huo. Ina nukta za rangi nne zilizojipanga kama ua. Jicho likishazoea, huhitaji muuzaji akuapie.

Mchana nikaomba kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yangu ya manunuzi wala hakitakuwa: CO 956, mabango ya Empire Marketing Board, bodi iliyoanzishwa mwaka 1926 kuwahimiza Waingereza wanunue bidhaa za makoloni, ikavunjwa 1933. Iliajiri wasanii wazuri mno, McKnight Kauffer, MacDonald Gill, Frank Newbould. Msanii mwingine, Adrian Allinson, alitengeneza jozi ihusuyo kwetu: East African Transport, moja ya usafiri wa kale, moja ya usafiri mpya. Wapagazi kwanza, maendeleo baadaye.

Limechorwa kwa ustadi, sitasema uongo. Rangi zimetulia, miili ina uzito. Lakini msomaji aliyekusudiwa alikuwa mama wa Birmingham anayechagua kahawa, wala si mtu yeyote aliyewahi kubeba mzigo kichwani kutoka bara kwenda pwani. Wapagazi wamo kwa ajili ya kazi yao tu. Nikaona mabango ya aina hii yanapotokea sokoni yanagombewa na makundi mawili yasiyofanana: wapenzi wa sanaa ya zama zile, na watu kama mimi wanaotafuta babu zao. Kundi la kwanza ndilo lenye pesa.

Nikaandika kwa penseli kuhusu Abram Games, aliyefanya mabango zaidi ya 100 kwa ajili ya jeshi. Bango lake la mwaka 1941 la kuwaita wanawake wajiunge na ATS, kikosi cha wanawake cha jeshi, liliondolewa kwa kuwa mwanamke aliyemchora alionekana mrembo kupita kiasi, kana kwamba anaitangaza midomo yake. Leo wakusanyaji wanalitafuta kwa tochi. Likawa la pili kwenye daftari langu chini ya kichwa "Yaliyokataliwa".

Jumatano, Lambeth na mnadani

Asubuhi Imperial War Museum, jengo ambalo zamani lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Bethlem. Nilimwona Lord Kitchener, waziri wa vita, na kidole chake cha kuwaita watu jeshini. Alfred Leete aliuchora mchoro huo kwanza kama jalada la gazeti la London Opinion la tarehe 5 Septemba 1914, bango likafuata. Wamarekani walikuja na mjomba wao Sam akinyoosha kidole kilekile mwaka 1917. Makumbusho yana duka, na duka lina nakala za kila bango unalolitaka. Hakuna aliyedanganya hapo: nakala ni nakala na imeandikwa hivyo. Tatizo huanza nakala hiyo ikiuzwa mara ya tatu, na mtu wa tatu hajui, au anajua.

Mchana mnadani, ukumbi mdogo kusini mwa mto. Nilikuwa na jicho kwenye bango moja tu, la Fougasse, kutoka mfululizo wa Careless Talk Costs Lives, porojo hugharimu maisha, wa mwaka 1940: wanawake wawili wanaporoja kwenye basi, na kiti cha nyuma yao wameketi Hitler na Göring, mkuu wa jeshi lake la anga, wakisikiliza. Fougasse ni jina la kazi la mchora katuni Cyril Kenneth Bird, na hakutoza malipo kwa mfululizo huo. Ni mabango madogo, karibu ukubwa wa karatasi ya barua, yalitundikwa maofisini na kwenye vilabu vya pombe, ndani, mbali na mvua. Ndiyo maana mengi yamepona, na ndiyo maana mtu wa mfuko wangu anaweza kuota.

Nilikuwa nimejiwekea kikomo cha pauni 180. Kwenye orodha walikadiria kati ya 150 na 250. Nikalikagua kabla ya mnada: karatasi sawa, tundu nne za pini, mkunjo mmoja. Dalali alianzia 100. Nikainua mkono, mtu wa simu akainua, nikainua. Kufikia 180 nikaweka mkono mfukoni na kuushikilia humo. Nyundo ikaanguka kwenye 240.

Jirani yangu, mzee mwenye miwani shingoni, akaniambia nisihuzunike, maana mshindi halipi 240. Hapo kuna ada ya mnunuzi asilimia 25, ambayo ni 60, na kodi asilimia 20 juu ya ada hiyo, 12. Jumla 312. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kikomo changu cha 180 kwa kweli kilikuwa 234. Mtu akikuambia bango fulani "liliuzwa kwa" kiasi fulani, muulize ni bei ya nyundo au ni bei ya kutoka mlangoni.

Alhamisi, Newark

Tumeondoka saa kumi alfajiri. Shemeji ameendesha njia nzima akiimba taarab, bomba la kadibodi limelazwa siti ya nyuma. Nililibeba makusudi. Nilitaka mjuzi mmoja alitazame aniambie nilikosea wapi, kama mgonjwa anayekwenda kwa daktari wa pili.

Soko la vitu vya kale la Newark liko kwenye viwanja vilivyokuwa zamani uwanja wa ndege za kivita. Ukisimama getini huoni mwisho. Meza, mahema, malori yaliyofunguliwa milango ya nyuma, viti vya kanisa, mabafu ya chuma, farasi wa mbao. Mabango hayana sehemu yake. Unatafuta mabomba, mafaili na masanduku bapa chini ya meza, unapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Kufika saa nne magoti ya suruali yalikuwa kijani.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na mabango sita yaliyobandikwa kitambaa nyuma, yamenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Kubandika kitambaa si dhambi. Fundi mzuri hutanguliza karatasi nyembamba ya Kijapani, hutumia gundi ya wanga wa ngano, na kazi hiyo hufumuka kwa maji siku ikitakiwa. Dhambi ni kubandika kwa joto kwenye ubao mgumu, gundi ya plastiki, kama walivyofanya watengeneza fremu wengi zamani. Hilo halifumuki. Nikauliza alitumia gundi gani. Akasema, "Gundi nzuri." Nikaondoka.

Mwingine alikuwa na bunda la mabango ya Central Office of Information, ofisi iliyorithi kazi baada ya Wizara ya Habari kuvunjwa mwaka 1946, ikadumu hadi 2012. Usalama barabarani, chanjo, moto jikoni. Pauni 8 hadi 15 kila moja, na hakuna aliyekuwa akiyagusa. Nikanunua mawili ya kuvuka barabara, kwa sababu uchapaji wake ni safi na kwa sababu nina imani miaka thelathini ijayo watu watayapigia magoti. Huenda nikawa nimekosea, lakini kwa pauni 20 kosa linavumilika.

Ndipo tukafika kwa mama mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Akaniita "bata". Shemeji akakunja uso, nikamtuliza: watu wa mkoa huo huitana hivyo, ni kama sisi tunavyosema "mwanangu". Alikuwa na masanduku ya karatasi kutoka nyumba zilizohamwa. Nikamwonyesha Dig for Victory yangu. Hakuchukua lenzi wala tochi. Alichukua futi ya kushonea iliyokuwa shingoni mwake, akapima upana, akapima urefu, akaiachia futi ikaning'inia.

"Sentimita 50 kwa 70," akasema. "Nani alipima kwa sentimita hapa wakati wa vita?"

Natamani mngeniona. Mabango ya zama zile yalikatwa kwa inchi. Double Crown ni inchi 20 kwa 30, milimita 508 kwa 762. Double Royal ni 25 kwa 40. Hamsini kwa sabini ni saizi ya fremu za dukani leo, saizi ninayoikata kila siku ya Mungu kwenye mashine yangu. Nilikuwa nimelitazama bango lile kwa miezi mitatu, nikalipiga tochi, nikalipiga lenzi, sikulipiga rula.

Shemeji alicheka mpaka akashika gari la jirani. Mama naye akacheka, na kwa vile tumeshacheka pamoja akaniruhusu nipekue sanduku ambalo hakuwa amelipanga bado. Kumbukumbu za parokia moja ya kijijini: orodha za michango, barua za baraza, risiti. Katikati, limekunjwa mara nne, bango dogo la vita. Hakuna picha ya maana, hakuna jina la msanii. Maandishi mekundu na meusi yanawataka wanakijiji watoe karatasi zao zote chakavu, magazeti, barua, maboksi, zikatengeneze silaha.

Nikashusha pumzi taratibu. Karatasi ilikuwa nyembamba, kijivu, ina vipande vya mbao ndani unavyoviona ukiielekeza juani, ndiyo karatasi ya nchi iliyobanwa. Pembeni chini, herufi ndogo kama mayai ya chawa: limechapwa kwa ajili ya H.M. Stationery Office, ofisi ya serikali ya machapisho, na namba inayoanza na 51. Namba hiyo peke yake haitoshi, maana mwenye kunakili huinakili nayo, lakini ikikosekana kwa sababu mtu amekata ukingo, bei huanguka. Lenzi: herufi zimeshiba, ukingo safi. Tukaingiza kichwa mimi na shemeji chini ya blanketi la yule mama na kitochi chetu kama watoto wanaocheza kibaba na kimama. Giza. Karatasi haikuwaka hata chembe. Mimi nikatabasamu humo gizani.

Kasoro zake: mikunjo, ambayo kwa mabango yaliyotumwa kwa posta ni ya kutegemewa. Tundu za pini pembe nne. Na nyuma, mistari miwili ya kahawia iliyopenya hadi mbele, pale mtu alipoziba mchaniko kwa selotepu. Plastiki ilishadondoka zamani, gundi imebaki imeingia ndani ya nyuzi. Hiyo hata fundi hodari huipunguza tu. Ningetoa adhabu kwa yeyote anayeikaribia karatasi ya zamani na selotepu.

Akataka 60. Nikamwonyesha mistari ya kahawia, nikasema 40. Akasema, "Hamsini, bata." Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa msikilizaji, akaingilia: "Mama, huyu ameshapigwa pauni 140, mwonee huruma." Tukafunga 45.

Nikaandika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni lilikotoka, sanduku la parokia, tarehe ya leo na bei. Mkusanyaji atakayelipata baada yangu ataihitaji karatasi hiyo kuliko risiti. Bango nimelilaza bapa ndani ya faili kati ya kadibodi mbili. Lililokunjwa halizungushwi bombani, litachanika kwenye mkunjo.

Tuliachana stesheni ya Newark Northgate. Shemeji anarudi London kwa gari, mimi naendelea kaskazini kesho. Bomba nikamwachia. "Chukua mkeka wako," nikamwambia.

Ijumaa, Alnwick

Treni hadi Newcastle, nyingine hadi Alnmouth, kisha basi la dakika chache. Alnwick hawana treni tena tangu 1968, lakini stesheni yao ya mwaka 1887 ipo, na ndani yake tangu 1991 kuna duka la vitabu vikuukuu, Barter Books. Ukileta vitabu vyako wanakupa mkopo wa kuchukulia vingine, ndiyo maana ya jina. Juu ya rafu kuna reli ndogo, na treni ya kuchezea inazunguka juu ya vichwa vya wasomaji ikinong'ona.

Mwaka 2000 mwenye duka alikuwa akipekua sanduku la vitabu alivyonunua mnadani. Chini kabisa akakuta karatasi nyekundu iliyokunjwa: bango la Keep Calm and Carry On. Hakulijua. Mkewe akalipenda, wakalitia fremu, wakalitundika karibu na kaunta. Wateja wakataka kulinunua, wao wakakataa, na mwaka uliofuata wakaanza kuuza nakala. Mengine mnayajua. Hakimiliki ya kazi za serikali ya namna hiyo hudumu miaka 50, ilishakwisha, kwa hiyo kila mwenye mashine akachapa. Nami nimeyachapa, kwenye vikombe, nakiri.

Wakati huo ilidhaniwa nakala halisi zilizobaki zinahesabika kwa vidole. Kisha mwaka 2012, kwenye kipindi cha televisheni cha kutathmini vitu vya kale, mwanamke mmoja akaleta bunda la karibu nakala 15. Baba yake alikuwa kwenye kikosi cha watazama anga, Royal Observer Corps, alipewa akazihifadhi tu. Siku moja kitu ni adimu kabisa, siku ya pili kina wenzake kumi na tano. Nilimfikiria yeyote aliyelipa bei kubwa wiki moja kabla.

Nilisimama mbele ya lile la dukani muda mrefu. Ana kwa ana wekundu wake si ule wa vikombe. Umetulia zaidi, una uzito, na herufi zimechorwa na mtu, si za kompyuta. Mikunjo inaonekana.

Dada wa kaunta akaniuliza faili lile la kadibodi lina nini. Nikalifungua juu ya kaunta, mbali na kikombe chake. Akasoma taratibu: toeni magazeti, toeni barua, toeni maboksi. Akainua macho kwenye ukuta, akayarudisha kwenye karatasi.

"Kwa hiyo hili ndilo lililoyasaga yale ya Keep Calm?"

"Hili au ndugu yake," nikasema.

Akamwita mwenzake aje aone. Kwa dakika kama tano tukawa watu watatu tumeinamia karatasi ya pauni 45, treni ikipita juu.

Nimenunua nakala moja ya kisasa, inayojitangaza kuwa ni nakala, nikaipima kwa rula kabla ya kulipa. Kwenye basi la kurudi Alnmouth simu ikalia. Picha kutoka kwa shemeji: Dig for Victory yake, ukutani jikoni, juu ya jiko, limenyooka vizuri. "Shem, limependeza ama halikupendeza?"

Nikaikuza picha. Pembe zote nne, selotepu.